Kokoto za Mchemi

Kwenye ile pembe ambapo njia ya maduka ya vitambaa hukutana na njia ya karakana, kuna ukuta mrefu wa mawe, na ubavuni mwake kuna benchi la mbao lililokaliwa miaka mingi mpaka likashika maumbile ya waliolikalia. Ukutani, usawa wa kifua cha mtu, kuna tundu la kuingiza ngumi. Hilo ndilo sikio. Chini yake, usawa wa goti, kuna mdomo wa jiwe unaotema maji kwenye karo. Na nyuma ya ukuta huo, kwa maneno ya watu wa pembe ile, anaishi Mchemi. Usiwaulize anafananaje, maana utapewa majibu manne na yote utaapiwa. Kila chemchemi ina mchemi wake, kama kila upepo ulivyo na mvumo wake na kila jiwe kubwa lilivyo na mgandi wake. Sasa, wachemi wana tabia moja: wanaamini kila wanachoambiwa. Ukisema karibu na mchemi kwamba wewe ni mfalme, atakutiririkia kwa heshima. Ukisema umeshashiba maji ya maisha yako yote, atakauka, wala si kwa ubaya, ni kwa kukusikiliza tu. Kwa hiyo benchi lile lilikuwa na sheria moja: anayesema uongo atupe kokoto sikioni, ili Mchemi ajue kwamba hilo asiliamini. Na jamaa wa benchi lile, Mungu awasamehe, walikuwa waongo wa kupigiwa mfano.

Mama Birika peke yake ndiye aliyekuwa hajatupa hata kokoto moja. Miaka kumi na tisa amewachemshia kahawa pale, amewasikiliza, amewacheka, amewamiminia tena, na kopo la kokoto hajaligusa zaidi ya kulisogeza anapofagia. Ijumaa hiyo alifika mapema kuliko siku zote, akaweka bakuli chini ya mdomo wa chemchemi, akakaa kuhesabu matone. Wiki sita nyuma ndoo ilijaa kabla hujamaliza kumsalimia mtu na kuulizia watoto. Leo aliosha vikombe vyote, akavifuta, akavipanga, akavipangua akavipanga upya, na bado alipata maji ya birika moja tu. Maji ya bomba ya mtaa ule yana chumvi, kahawa yake mtu huinywa mara moja maishani. Kwa hiyo birika moja lilikuwa ndiyo kazi yote ya siku. Ukutani, juu kidogo ya sikio, ofisi ya mji ilikuwa imebandika karatasi: chemchemi imekufa, Jumatatu itajazwa zege, pembe itakuwa maegesho ya magari. Mama Birika alikuwa ameisoma karatasi ile mara nyingi, na kila akiisoma anaipa mgongo upesi, kwa sababu alijua aliyeiua chemchemi ni nani.

Alikuwa hajamwambia mtu.

— Mama, hilo birika mbona umelikumbatia hivyo, aliuliza Wembe. Wembe ni kinyozi, kibanda chake kiko ng'ambo ya njia, na huja kijiweni na taulo begani kila mteja mmoja akitoka na kabla mwingine hajaingia. Kazi yake nyingine ni kulijaza kopo la kokoto kila Jumatatu kutoka kwenye lundo la karakana.

— Ndilo hili hili, mwanangu. Mkilimaliza, mmelimaliza.

— Basi nimiminie nusu. Nisionekane mroho.

— Wewe utakunywa nusu? Leo? alisema fundi viatu bila kuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona. Huyu walimwita Hakimu. Alikaa mwisho wa benchi, karibu kabisa na sikio, na ndiye aliyeamua nani kasema uongo na nani kasema kweli. Hakuna aliyemteua. Alijipa mwenyewe ile kazi mwaka fulani na watu wakachoka kumpinga.

— Nitakunywa nusu mara tatu, alisema Wembe.

— Hapo sawa.

Wa tatu alikuwa Stempu, mzee aliyepeleka barua miaka thelathini, akastaafu, na mpaka leo anatembea kwa haraka kama mtu anayesubiriwa mlangoni. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Birika, kwa hiyo alimwita shemeji. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akatikisa kichwa.

— Mimi nasema ameolewa.

— Nani tena? aliuliza Wembe.

— Mchemi. Ameolewa na mvumo. Mnaukumbuka ule upepo wa wiki sita zilizopita, uliong'oa bati la kibanda chako? Ule haukuwa upepo bwana, ile ilikuwa posa.

— Yaani bati langu ndilo lililokwenda kuposa?

— Bati lako lilikuwa salamu. Mvumo hana mikono, atabisha hodi na nini? Amebisha na bati. Mchemi kasikia, moyo umemlainika, na mvumo si mtu wa kukaa mahali pamoja. Leo yuko huku, kesho yuko kule. Mke naye kafuatana na mumewe.

— Wewe hayo umeyajuaje? aliuliza Hakimu, na sindano ikasimama.

— Nawajua hao. Niliwahi kumletea barua Mchemi, mkononi. Barua ya kusaini. Alitoa kidole gumba hapo mdomoni, akaweka alama, karatasi ikalowa yote, nikagombezwa ofisini.

— Kokoto.

— Kwani lipi hapo la uongo?

— Mzee, kokoto.

Stempu akanyoosha mkono kwenye kopo, akachukua moja, akaidondosha sikioni. Ikasema kak. Basi.

Wote watatu wakasikiliza. Mama Birika naye akasikiliza, huku amegeuzia uso jiko.

— Zamani zilikuwa zinakwenda mbali, alisema Hakimu. Tu, tu, tu, halafu chubwi. Mnakumbuka ile chubwi?

— Sasa hivi anazidaka, alisema Wembe.

— Anazidaka na nini?

— Na mkono. Amechoka kupigwa na kokoto. Ungekuwa wewe, miaka yote hiyo mtu anakurushia mawe sikioni, siku moja si utakinga mkono? Na mkono ukishakuwa juu umekinga, maji utayasukuma na nini? Ndiyo maana yamepungua. Mkono mmoja una kazi.

— Hiyo ina mantiki, alisema Stempu.

— Haina, alisema Hakimu. Lakini si uongo, ni ujinga. Ujinga hauna kokoto.

Wembe akakinywa kile kinusu chake kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo kwa taulo la wateja.

— Haya, basi mimi niwaambie ukweli ninaoufikiria usiku na mchana. Kuna mtu kasema uongo hapa na hakutupa. Uongo mkubwa. Mchemi kauamini, na ndiyo huo unaotumaliza.

Mama Birika alikuwa akichochea makaa.  Akahisi joto limempanda shingoni, na halikuwa la jiko.

Ilikuwa hivi. Binti yake, anayekaa mji wa mbali na mumewe, kwa miaka miwili mizima alikuwa akimpigia simu: mama umri umekwenda, mama acha hiyo kazi ya moshi, mama chumba chako kipo, nimekitia na pazia. Siku moja, Mama Birika amesimama hapo hapo ubavuni mwa karo anajaza ndoo, simu ikalia, binti akaanza kulia. Mama gani atamsikiliza mwanawe analia? Akamwambia, haya nyamaza mwanangu, hata mimi hapa pamenichosha, maji yenyewe siyahitaji tena, nitakuja. Alisema ili mtoto anyamaze. Binti akanyamaza, akafurahi, akaanza kupanga safari. Kesho yake asubuhi ndoo ikachelewa kujaa. Na leo hii jioni binti alitaka kupewa siku ya safari.

— Kila mtu aseme wake, Wembe aliendelea. Tumalizane. Naanza mimi. Nilimwambia yule mwalimu wa hesabu, nikiwa nimekuja kuchota maji hapa, kwamba nywele zake hazipungui, ni mwanga tu wa dirishani.

— Huyo mwalimu ana utosi unaong'aa, alisema Hakimu.

— Ndiyo maana nakiri.

Kak.

— Na yule mwenye duka la vitambaa nilimwambia ndevu zinampendeza.

Kak.

— Na mke wangu...

— Mke wako peleka nyumbani, alisema Hakimu. Kopo lenyewe lina kiasi.

Stempu alikuwa ameinamia kikombe chake kitupu. Alikizungusha mkononi.

— Mimi nilisema hapa kwamba kazi siikumbuki hata kidogo, alisema. Siku ile mliponiuliza. Nikasema nimepumzika, nashukuru, miguu imepona.

Akakiweka kikombe kwenye benchi.

— Naamka saa kumi na moja alfajiri kila siku. Nazunguka ile njia yangu yote. Nyumba kwa nyumba, mikono mitupu. Halafu ndiyo nakuja hapa.

Akachukua kokoto, akaitia taratibu. Mama Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa, na Wembe, ambaye kikombe chake kilikuwa kitupu pia, kwa mara ya kwanza hakulalamika.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja kijana, amevaa buti za mpira na koti lenye mifuko mingi. Mkono mmoja kopo la rangi nyekundu na brashi, mkono mwingine jalada. Akasalimia, akajitambulisha kwamba ametoka ofisi ya mji, amekuja kuweka alama mahali pa kumwaga zege, na kama hawatojali aonje kahawa kwanza maana ametoka nyumbani bila kitu tumboni. Vijiwe vingine wangemfukuza. Hawa walisogea. Mama Birika alimimina, birika likatoa kikombe kimoja kamili na tone la kuonea haya. Kahawa ikawa imekwisha.

— Karibu mwanangu, alisema. Ya mwisho hiyo.

— Asante mama. Mnazungumza nini, niwe nasikiliza?

— Kesi, alisema Hakimu. Na sasa ni zamu yangu. Akalaza kiatu chini. Kuna bwana harusi mmoja nilimuuzia viatu, nikamwambia visigino ni vipya. Vilikuwa vya marehemu mmoja. Natupa tatu: moja kwa kila kisigino, moja ya marehemu.

Kak, kak, kak.

— Lakini kesi yenyewe haiko hapo, aliendelea, na sauti yake ikateremka kama anayetaka kutaja jambo la ndani ya familia. Nimefikiria. Kokoto ni nini?

— Jiwe dogo, alisema Wembe.

— Jiwe dogo ni nani?

— Wewe nawe. Jiwe dogo ni nani vipi?

— Kila jiwe kubwa lina mgandi. Sawa? Wagandi wanaishi, wanazeeka, wanasogea hatua moja kwa miaka mia. Wanazaa. Hawa wadogo ni watoto wao. Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukimtupia Mchemi watoto wa watu. Na Mchemi anaamini kila kitu, jamani. Ukimwekea mtoto mlangoni ataamini kwamba ni wa kulea. Amewalea. Amewapanga mmoja mmoja ubavuni mwake. Na watoto wanataka kunyonya. Sasa ana watoto wangapi humo? Maelfu. Maji yatafika nje saa ngapi?

 Stempu alikuwa ameshika kidevu.

— Anawanyonyesha, alisema.

— Wote, alisema Hakimu.

— Masikini.

— Huo nao ni uongo au ujinga? aliuliza Wembe.

— Huo ni uchunguzi.

Dada wa ofisi ya mji alikuwa anatazama huku na huku, kikombe kimesimama njiani kuelekea mdomoni. Alifungua kinywa aseme kitu, lakini Mama Birika alikuwa ameshainuka.

— Haikuwa kokoto, alisema. Wala harusi. Ni mimi.

Akawaambia. Hakupamba. Aliwaambia simu, kilio cha binti, maneno yenyewe neno kwa neno, na jinsi alivyokuwa amesimama karibu na sikio kiasi kwamba angenong'ona tu angesikika. Aliwaambia kuhusu pazia.

— Nilisema maji siyahitaji. Kasikia. Sikutupa kitu, kwa sababu sikujua kama ule ni uongo. Nilidhani ni kumbembeleza mtoto. Lakini sitaki kwenda. Nampenda mwanangu, chumba chake kizuri, lakini nitakwenda kukaa kitandani nitazame pazia mpaka lini? Mimi nataka kuamka niwe na mahali pa kwenda.

Stempu akageuza uso upande wa njia.

Mama Birika akaingiza mkono kwenye kopo. Akachagua kokoto moja, nyeupe, si kubwa. Akaisogeza kwenye sikio la Mchemi, akasema kwa sauti ya chini, lile usiliamini, akaiachia.

Haikuanguka. Ilikaa pale pale mdomoni mwa tundu. Akaisukuma kwa kidole, ikarudi. Akaisukuma tena, ikatoka, ikaanguka miguuni mwake.

— Amenikatalia, alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu, jambo ambalo kijiwe kizima hakijawahi kuliona. Amekataa kunisamehe.

— Hajakataa mama, amekasirika tu, alisema Wembe haraka haraka. Mkasirikaji si mtu mbaya.

— Amefumba sikio, alisema Hakimu, akaonekana ameogopa kweli. Sijawahi kuona hii. Hii haimo kwenye sheria.

— Shemeji, jaribu nyingine, alisema Stempu. Ndogo zaidi. Labda hiyo ilikuwa mtoto mkubwa.

— Samahani, alisema dada wa ofisi ya mji.

Wakamgeukia.

— Huwa mnazitoa lini?

— Nini? aliuliza Hakimu.

— Hizo kokoto. Mnaingiza kila siku. Huwa mnazitoa lini?

Sasa nikuambie, pale palikuwa na watu wenye majibu. Stempu alikuwa na jibu la kila barua iliyowahi kupotea duniani. Wembe angekueleza kwa nini nywele za kulia huota haraka kuliko za kushoto. Hakimu alikuwa na hukumu ya mambo ambayo hayajatokea. Wakatazamana.  Hakimu akaokota kiatu, akakiangalia ndani kana kwamba jibu lilianguka humo. Ng'ambo ya njia mteja akaita kinyozi, kinyozi, na kinyozi hakuitika.

— Kumi na tisa, alisema Stempu mwishowe.

— Miaka kumi na tisa hamjazitoa?

— Hatukujua kama zinatolewa, alisema Wembe.

Dada akaweka kikombe chini, akafungua jalada, akatandaza ramani iliyokunjwa mpaka ikapata mikunjo ya kudumu. Akapima kwa macho kutoka pembe ya ukuta, akapiga hatua mbili, akarudi moja.

— Hapa panaonyeshwa kisima kidogo cha kutulizia maji kabla hayajatoka, kipo chini ya ukuta, na hilo tundu linashuka mpaka ndani yake. Kina kifuniko cha jiwe. Kifuniko kinapaswa kuwa... Akatazama chini. Mmekikalia.

Benchi lile halikuwahi kuhamishwa tangu liwekwe. Watu wanne walilishika na kulibeba, nalo likaguna, na chini yake, chini ya vumbi na vipande vya ngozi na nywele zilizopeperuka kutoka kibandani, kulikuwa na bamba la jiwe lenye matundu mawili ya kuingiza vyuma. Hakimu alileta nyundo na patasi zake. Dada alivua koti. Bamba lilipoinuka, walichungulia wote kwa pamoja mpaka vichwa vikagongana.

Zilikuwa kokoto tu, zimeshonana kutoka chini mpaka juu.

— Yote haya ni sisi? aliuliza Wembe.

— Haya mengi ni mzee Stempu, alisema Hakimu, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Mama Birika alisimama pembeni amefunga mikono kifuani. Kitu kizito alichokibeba wiki sita kilikuwa kimeshuka ghafla kiasi kwamba aliona kizunguzungu. Si mimi, alijisemea. Halafu akajisemea, au si mimi peke yangu, na hilo lilimfurahisha zaidi. Akakunja mikono ya gauni, akafunga leso kiunoni, akashika ndoo.

Walichota. Wembe ndiye mwembamba, akaingia ndani mpaka kiunoni. Stempu akapokea ndoo, akaipeleka upesi upesi mpaka kwenye lundo la karakana, akarudi na ndoo tupu, akaenda tena, na usoni alikuwa amepungua miaka. Hakimu alisimama juu ya tundu akitoa amri. Polepole, alikuwa akisema. Polepole na hao watoto. Dada wa ofisi ya mji alizibua kwa mpini wa brashi yake mahali ambapo mikono haifiki. Mteja wa Wembe, amenyolewa upande mmoja, alichoka kusubiri akaja naye, akapewa ndoo.

Ilipokaribia saa sita mchana kisima kilikuwa kitupu. Wembe alikwangua tope la mwisho kwa kata ya kahawa ya Mama Birika, akatoka mweusi mpaka kwenye kope. Wakasubiri. Ukutani kwa ndani kulikuwa na ufa unaopita vidole vitatu, ambao maji yangepaswa kutokea. Ulikuwa na unyevu. Unyevu tu, hata tone hakuna.

— Labda anapumua kwanza, alisema Stempu.

 Karo lilikuwa kavu, na jua lilikuwa limefika katikati yake.

Simu ya dada ikalia. Akasema ndiyo, ndiyo, niko hapa, akaikata. Akatoa fomu kwenye jalada na kalamu, akawatazama kwa huruma ambayo hakujua aiweke wapi.

— Ofisini wanataka jibu la mwisho kabla ya saa sita. Likishaandikwa hapana, Jumatatu gari la zege linakuja, hata mimi siwezi kulizuia. Ni swali moja. Linajibiwa na mtumiaji mkuu wa chemchemi, mimi naandika anachosema.

— Mtumiaji mkuu ni huyu hapa, alisema Hakimu.

— Mama, chemchemi inatoa maji?

Mama Birika alitazama ufa ule. Alitazama karo. Miaka kumi na tisa hajawahi kusema uongo pale kwa kukusudia, na ule mmoja aliousema bila kukusudia ulimkondesha. Alijua kilichokuwa mbele yake, kila mtu alikijua, macho yalikuwa yanakiona. Akapiga hatua mbili mpaka akafika ukutani, akainama, mdomo wake ukawa kiganja kimoja kutoka kwenye sikio.

— Inatoa, alisema. Maji yapo. Yapo tele.

Kopo la kokoto lilikuwa limewekwa ukingoni mwa karo, karibu na goti la Hakimu. Midomo ya Hakimu ilianza kulitamka lile neno lake, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga chafya. Akalimeza. Akaangalia ncha za viatu vyake. Stempu akaweka mikono nyuma. Wembe, na tope lake lote, akasimama wima kama yuko shule. Kokoto haikutupwa.

— Na mimi nayahitaji, Mama Birika aliendelea. Nayahitaji kila siku. Sijachoka na hapa. Siendi popote.

Dada wa ofisi ya mji alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama na yule mteja aliyenyolewa upande mmoja, ambaye aliitikia kwa kichwa kwa uhakika mkubwa ingawa alikuwa hajui lolote. Akaandika: ndiyo. Akasaini, akaandika saa, akafunga kopo lake la rangi kwa kulipigapiga kifuniko na kisigino cha mkono.

Wakakaa chini, mahali popote, maana benchi lilikuwa bado limelala njiani. 

Kwanza ilisikika ndani ya ukuta, mbali, sauti ya mtu anayesafisha koo. Kisha mdomo wa jiwe ukatema kipande cha tope, ukanyamaza, ukatema kingine. Kisha ukaja uzi mwembamba wa maji meusi, ukakatika, ukarudi, na ulivyorudi haukukatika tena.

Mama Birika alikinga bakuli, likajaa, akalimwaga njiani. La pili lilikuwa la rangi ya udongo, akalimwaga. La tatu alilitazama akaona vidole vyake mwenyewe chini ya maji, vinne vyote na kidole gumba, akalimimina kwenye birika. Halafu akatoa simu kwenye leso na kumpigia binti yake, na huku simu inaita, akapiga magoti kupuliza makaa.